Koki Iliyobaki Wazi

Kila asubuhi kabla ya kengele, Cheche alikuwa akipitia bustani ya shule, ananawa mikono kwenye bomba la nje, kisha anamwamkia mjomba wake, mtunza bustani.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, wakili wangu," Mjomba alikuwa akimjibu huku akicheka, kwa kuwa mpwa wake hakujua kunyamaza akiona mtu anaonewa. Hata jina la Cheche alipewa na wenzake kwa sababu hiyohiyo.

Asubuhi hiyo bomba lilikohoa tu, halikutoa hata tone. Bustani ilikuwa dimbwi. Miche ya nyanya iliyopandwa juzi ilikuwa ikielea kama takataka. Tenki kubwa lililolisha jikoni, vyoo na mabomba yote ya shule lilikuwa kavu. Mbele ya tenki alisimama mwalimu mkuu, mikono nyuma, na mbele yake Mjomba, kofia mkononi.

"Umeacha koki wazi usiku kucha!" mwalimu mkuu alifoka.

"Mwalimu, mimi nimeikuta wazi asubuhi hii, nikaifunga. Jana sikuigusa. Siku hizi anayemwagilia ni kompyuta ya watoto."

"Kompyuta ilijipima jana jioni. Nenda kaangalie kioo chake pale ofisini: kijani kitupu! Inasema ilifungua koki na ikaifunga. Kompyuta haidanganyi, anayedanganya ni mtu. Ufunguo wa kuifungua kwa mkono anao nani? Si wewe? Leo mchana usipokiri, kesho usije kazini."

Mjomba aliinama kuokota miche iliyokuwa ikielea. Cheche alishikwa na hasira. Tangu lini mtu mzima akaitwa mwongo kwa ushahidi wa rangi ya kioo? Lakini ndivyo mambo yalivyo miaka nenda miaka rudi: chungu kikivunjika, wa kwanza kushikwa ni mwenye mikono ya udongo. Wenye mikono safi huulizwa baadaye, au hawaulizwi kabisa.

Ile programu ya kumwagilia ilikuwa kazi ya klabu ya kompyuta, na Cheche alikuwa mwanachama. Kila asubuhi ilikuwa ikifungua koki ya umeme, inamwagilia, kisha inafunga. Na ili isiaminiwe hivihivi, klabu iliandika jaribio: kila jioni baada ya masomo, kompyuta ijipime yenyewe. Ifungue koki, ikiulize kipima maji kilichomo ndani ya tenki kama maji yameshuka, kisha ifunge. Mambo yakienda sawa, kioo kiwe kijani. Yakienda kombo, kiwe chekundu.

Wakati wa mapumziko, watani hawakukosekana.

"Mpwa wa mafuriko huyo!"

"Muulizeni mjomba wake, samaki anavuna lini?"

"Chekeni!" Cheche aliwageukia. "Vyoo vikianza kunuka tutaona nani atacheka."

Akaenda moja kwa moja chumba cha kompyuta. Alimkuta mwalimu wa kompyuta akisahihisha madaftari, na Kepteni, kiongozi wa klabu, amejiegemeza kwenye kiti kama mwenye nyumba.

"Mwalimu, naomba tuliendeshe lile jaribio tena. Sasa hivi."

"La nini? Si lilikuwa kijani?" Kepteni akadakia haraka.

"Liendeshe," alisema mwalimu.

Cheche alifungua dirisha, maana tenki lilikuwa nyuma yake tu, kisha akabonyeza. Koki ile ilikuwa na tabia yake: ikifunguka, *tak!* Ikifungwa, *tak!* tena. Wote watatu walisikia *tak* ya kwanza. Wakasubiri. Kioo kikageuka kijani: JARIBIO LIMEFAULU. Nje, kimya.

"Iko wapi *tak* ya pili?" Cheche aliuliza kwa hasira. "Koki iko wazi hadi sasa, na kioo kinasema imefungwa!"

Mwalimu aliinuka, akafungua maandishi ya programu. Katikati ya jaribio palikuwa na mistari ambayo hakuwahi kuiona. Akaisoma kwa sauti: "Ikitokea hitilafu yoyote, nyamaza. Andika: limefaulu."

"Nani ameandika haya?"

Kepteni alitazama viatu vyake. "Mimi, Mwalimu. Jana mchana wageni walikuwa wanakuja. Kipima maji kikagoma kujibu, kioo kikawa chekundu. Koki niliifunga mwenyewe kwa kompyuta, nikaona tutaaibika..."

"Kwa hiyo mjomba wangu afukuzwe ili kioo kipendeze!" Cheche alipiga kelele. "Umeiziba mdomo kompyuta, halafu ikaitwa shahidi!"

"Wewe usinipandie kichwani!" Kepteni akajibu. "Mimi niliinyamazisha tu. Tazama hapo chini. 'Funga koki' imewekwa mwisho kabisa. Kipima kikigoma, jaribio linaangukia njiani, halifiki huko. Nani aliuweka mstari huo mwisho?"

Cheche alitazama. Aliukumbuka mstari ule. Aliuandika yeye, akiamini kwamba kila jambo litaenda kama lilivyopangwa. Hasira haikumtoka, ila sasa haikuwa na mahali pamoja pa kwenda.

"Ni mimi," alisema. "Basi tutengeneze wote, tena kabla ya mchana."

Waliifunga koki kwa kompyuta, wakaifuta ile mistari ya Kepteni. Kisha Cheche akaihamisha amri ya kufunga koki, akaiweka katika sehemu inayotekelezwa iwe heri iwe shari, jaribio lifaulu au lianguke. Akabonyeza. *Tak.* Kimya kidogo. *Tak!* Kioo kikawaka chekundu: KIPIMA MAJI HAKIJIBU.

Hakuwahi kuifurahia rangi nyekundu namna ile.

Mwalimu mkuu aliitwa, na Mjomba naye. Walipokikagua kipima, waliukuta waya wake umechomoka. Jaribio liliporudiwa, mwalimu mkuu alisikiliza *tak* zote mbili, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nimekuita mwongo mbele ya watoto," alimwambia Mjomba. "Nitakuomba radhi mbele yao pia."

Na aliomba, kwenye gwaride la mchana, kwa sauti ya kusikika hadi safu ya nyuma. Watani wa asubuhi wakawa wapole. Kepteni na Cheche walishika majembe wakapanda miche mipya, Mjomba akiwasimamia.

"Wakili, shimo hilo ni la mche au la mbuyu?" alimtania mpwa wake, na Cheche akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Jioni mwalimu wa kompyuta aliwakusanya wanaklabu wote.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Jaribio kuanguka si aibu, ndiyo kazi yake kutuonya. Aibu ni kulinyamazisha, kwa sababu kosa lisilosema hutafuta mtu asiye na hatia wa kumbebesha. Na jambo la pili: ukifungua kitu, panga jinsi ya kukifunga hata siku mambo yatakapoharibika. Siku njema kila mtu hufunga mlango. Nyie jifunzeni kuufunga siku mbaya."

Nje ya dirisha jaribio la jioni lilikuwa linaanza. Wote wakatega masikio, wakingoja *tak* ya pili.

Ikasikika.