Alama za Lorna Baskin

Jumamosi ya mwezi wa tatu, duka la zana za uvuvi mjini Kissimmee si mahali pa mtu mwenye haraka. Besi, wale samaki wenye mdomo wa kumeza ngumi, huwa wamesogea ukingoni kutaga, na kila mwenye boti hukumbuka siku hiyohiyo kwamba hana ndoana. Watu walijazana baina ya rafu, wakinusa minyoo ya mpira ya chambo na kubishana kama ya zambarau inaizidi ya kijani. Vyura wa plastiki walining'inia juu ya vichwa vyao.

Kwenye kaunta ya mwisho alikuwa fundi Dewitt Hollis, ameinamia mashine ya mtu. Alitengeneza zile skrini za boti zinazoonyesha kina, samaki na njia. Kwa nyaya alikuwa bingwa, lakini mpe ufito wa kuvulia uone vichekesho. Miaka sita alikuwa katika klabu ya wavuvi, na bado wenzake walimwita Maji Matupu.

"Kaka fundi, ukishamaliza kuibusu hiyo, ya kwangu nayo imezimia."

Dewitt aliinua macho. Mbele yake alisimama mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, shati jeupe limekunjwa hadi viwiko, kaptula ya kaki, miwani ya jua imepandishwa juu ya nywele zilizosukwa mistari. Alinukia losheni ya nazi, na kwa mbali, samaki. Dewitt hakukumbuka bisibisi ilikuwa mkono gani.

"Imezimia lini, dada?"

"Jana, katikati ya ziwa. Nina wateja wawili kutoka Ohio, wananitazama kana kwamba nimewateka nyara."

"Kumbe wewe ndiye unayewapeleka watu kuvua?"

"Ulidhani nauza karanga za kuchemsha?" Akaiweka mashine mezani, lakini mkono hakuuondoa. "Sasa nisikilize. Humu ndani kuna alama mia nne na kumi na mbili za mahali wanapojificha samaki. Nyingi aliziweka marehemu baba yangu. Kila tundu kwenye magugu, kila kisiki, kila chemchemi. Tengeneza mashine, alama usiziangalie."

"Niziangalie za nini? Mimi na samaki hata salamu hatupeani."

Akacheka, kicheko kikubwa kilichowageuza watu vichwa. "Naitwa Lorna Baskin. Zikipotea, fundi, nitakutia ndoana ya sikio."

Ili mashine ipone, ilibidi ifutwe yote. Fundi huzinakili kwanza alama za mteja kwenye kadi ndogo, huzirudisha mashine ikishapona, kisha huifuta kadi. Dewitt alifanya la kwanza na la pili. La tatu hakulifanya. Alijiambia ataangalia moja tu, basi. Mtu hujiambia mengi akiwa peke yake.

Aliangalia mbili. Jumapili iliyofuata alikwenda Ziwa Toho na klabu yake, akafuata alama za binti Baskin, akarudi na samaki watano waliomfanya mshindi wa siku. Wenzake walimpigapiga mgongoni hadi ukauma. Wawili kati yao walikuwa wamemwona alikokuwa, ingawa yeye hakulijua hilo. Alilala na furaha ya mtu aliyevaa suti ya kuazima.

Siku ya tatu akapiga simu.

"Haloo, Lorna? Ni Dewitt. Yule fundi."

"Mashine nzima kabisa, fundi. Ndiyo ulitaka kujua?"

"Ndiyo. Hali ya mashine. Na ya mwenye mashine."

"Mwenye mashine ana njaa."

"Sasa ona mambo ya Mungu, na fundi hajala."

Walikula kambare wa kukaanga karibu na ziwa, wakashushia chai baridi yenye sukari ya kung'oa meno. Lorna alivaa gauni la manjano lisilo na mikono na viatu vya wazi, na Dewitt alijimwagia mchuzi wa pilipili kwenye tai yake pekee. Lorna aliifuta kwa kitambaa chake. Alimsimulia jinsi baba yake alivyofariki miaka miwili nyuma, na jinsi tangu hapo ziwani alikwenda kikazi tu, moyo hakuupeleka. Kisha akasema, "Jumanne sina wateja. Nitakupeleka mahali. Simu utaiacha kwenye gari."

"Kwani unanipeleka wapi, mpenzi? Ikulu?"

"Wee! Mpenzi umelitoa wapi? Nakupeleka bustani ya baba. Wanaume wawili tu ndio walioijua, yeye na rafiki yake Anko Purvis."

Dewitt alisukuma sahani kando. Bustani ya baba ilikuwa mojawapo ya zile alama mbili.

Jumanne asubuhi jua lilikuwa limeshaanza kuuma. Magugu yalikuwa yamejifunga juu ya maji, upana wa kiwanja cha mpira. Lorna alizima injini.

"Ukiyatazama unaona takataka," akasema. "Lakini juu hapo ni paa tu. Chini kuna chumba, kivuli tele, na bibi kizee wa samaki amekaa humo anasubiri aletewe. Chubwi zito, kipande cha risasi cha wakia moja na nusu, linatoboa paa. Likigusa chini, linyanyue mara mbili tu. Haya, chagua pa kutupa."

Hapo ndipo angetupa kipumbavu, kama kawaida yake, na hadithi hii ingekuwa nyingine. Lakini mwanamke alikuwa anamtazama, na mkono unaotazamwa na mwanamke hauna adabu. Ulikwenda wenyewe, kando ya matete matatu, pale palipokuwa na nukta nyekundu kwenye zile alama alizonakili. Chubwi likazama. Alilinyanyua mara mbili, na mshipi ukavutwa kwa nguvu hadi akapiga magoti.

Samaki alikuwa wa ratili nane. Lorna alimshika mdomo, akamwonyesha, akamrudisha majini. Halafu akamgeukia Dewitt, uso umebadilika.

"Nani kakwambia utupe pale?"

"Hakuna. Pameniita tu."

"Baba alikuwa akisema hivyohivyo," akasema Lorna, na machozi yakamtoka, na akambusu.

Lilikuwa busu la kwanza, na Dewitt alilipokea kama mwizi anavyopokea zawadi, akitazama pembeni.

Wakapendana. Usidhani alikuwa akiigiza. Alimpenda hadi akawa anaosha boti yake bila kuombwa. Kadi aliivunjavunja kwa koleo juma lilelile na kuitupa, akidhani dhambi huisha kwa kuvunjwa. Lorna alimpeleka kwa mama yake baada ya ibada ya Jumapili, akamtangaza mbele ya sahani za kuku na maharage. "Mama, huyu ndiye mwanamume wa kwanza kuyaona maji alivyoyaona baba." Mama mtu akamwongezea kuku.

Kila walipokwenda ziwani baada ya hapo alijifanya mkono unamuuma. "Leo vua wewe, laazizi, mimi nikutazame."

"Una kipaji unakikalia. Mungu atakunyang'anya," Lorna alimtania.

Mwezi wa tano simu ililia dukani saa nne asubuhi.

"Dewitt." Sauti ilikuwa imekauka. "Kuna boti nne kwenye bustani ya baba. Nne! Wateja wangu hawajaguswa hata na dagaa. Na kwenye chemchemi kuna nyingine tatu."

"Pole, mpenzi. Labda wamebahatisha tu."

"Sehemu mbili? Hapana, kuna mtu kazitoa. Na ukiniacha mimi, anayezijua zote mbili ni mmoja."

Dewitt alielewa mara moja. Wale wawili wa klabu walikuwa wamewaonyesha wengine, na kinachojulikana na wavuvi wawili kinajulikana na mji mzima. Alifungua mdomo aseme. "Ngoja kwanza," akasema. "Usimhukumu mtu." Hayo tu ndiyo yaliyotoka.

Lorna hakungoja. Jumamosi, kwenye mteremko wa kushushia boti, trela zimepangana hadi barabarani, alimwendea mzee Purvis Teague, rafiki wa baba yake kwa miaka arobaini, aliyekuwa akifunga kamba ya boti yake kuukuu.

"Anko, baba hajamaliza hata miaka mitatu kaburini, umeshaigawa bustani yake?"

Mzee aliinuka taratibu. "Mimi, binti?"

"Nani mwingine? Ulibeba jeneza lake! Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea."

Watu wote waliacha trela zao, wakageuka. Mzee Purvis alimtazama Lorna, kisha akamtazama Dewitt aliyesimama nyuma yake, ameshika sanduku la chambo. Alimtazama muda. Halafu alivua kofia yake ya ukili, akaingia garini na kuondoka, boti haijagusa maji. Dewitt alikuwa na ulimi mdomoni, meno na pumzi pia, na hakusema neno. Usiku na mchana baada ya hapo alikuwa akiuona ule upara wa mzee wenye jasho ukiingia garini.

Majuma mawili baadaye alipita mbele ya nyumba ya Purvis, akaiona boti imewekewa kibao: INAUZWA. Akasimamisha gari. Mzee alikuwa barazani anamenya karanga za kuchemsha.

"Umekuja kununua?" akauliza Purvis.

"Hapana, mzee. Nimekuja kukwambia kitu."

"Kipi? Kwamba ni wewe? Najua."

Dewitt alishika nguzo.

"Lorna alinisimulia yule samaki wako, siku ya pili tu, anacheka kama mtoto. Kando ya matete matatu, mtupo wa kwanza! Mimi nilipigwa jua miaka tisa kabla ya kupaona pale. Nikauliza kazi yako, nikaambiwa fundi wa mashine." Akatema ganda. "Hesabu ndogo hiyo."

"Sasa mbona siku ile ulinyamaza?"

"Kwa sababu tangu azikwe Baskin, mtoto yule sikuwahi kumsikia akicheka. Nikasema acha nibebe mimi, nimebaki na miaka michache ya kuchukiwa. Usinishukuru. Sijakusamehe, na sikupendi. Ondoka barazani kwangu."

Dewitt alikuwa ameanza kujizoea akiwa mwongo. Kubebewa na mzee wa watu hakukuzoeleka. Aliondoka pale, na njiani akaamua kwamba aibu iliyomwagwa hadharani haizoleki chumbani.

Jumamosi iliyofuata alimkuta Lorna kwenye mteremko uleule, watu walewale na trela zao. Alikuwa amevaa shati jeupe. Alipomwona akatabasamu. "Mume wangu mtarajiwa! Mbona umekuja mapema?"

"Lorna, mzee Purvis hakutoa kitu," Dewitt akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Nilinakili alama zako ulipoleta mashine. Mimi. Nilikwenda nazo klabuni, wenzangu wakaniona. Na ulipomtukana mzee nilikuwa nyuma yako, nikanyamaza."

Mtu mmoja alisonya. Lorna hakupiga kelele. Aliuliza kimoja tu, kwa sauti ndogo.

"Yule samaki wa kwanza. Uliposema pamekuita."

"Nilipajua."

Akatikisa kichwa kana kwamba amesomewa bei ya kitu asichoweza kununua. Aliwaomba radhi wateja wake, akapanda gari na trela lake, akaelekea upande wa nyumbani kwa mzee Purvis. Klabu ilimfukuza Dewitt jioni hiyo, na dukani akaambiwa atafute kazi kwingine. Yote mawili hayakumuuma. Kilichomuuma ni ile sauti ndogo.

Alipiga simu mara nyingi, haikupokewa. Aliandika ujumbe, akafuta, akaandika pole, akaona ni neno jembamba mno. Mwezi mzima ulipita. Alipata kazi ya kutengeneza viyoyozi, na alikuwa juu ya paa la watu simu ilipolia.

"Kesho saa moja asubuhi," Lorna akasema. "Njoo na kofia." Akakata.

Hakumsalimia alipofika. Alimpeleka hadi upande ambao Dewitt hakuujua, magugu matupu kila upande, akaizima mashine mbele ya macho yake. Akampa ufito.

"Tafuta samaki."

Dewitt akatupa. Chubwi liligonga magugu likakataa kuzama. Akatupa tena, akanasa matete. Jua lilipanda. Mikono ilimtoka malengelenge, shati lilimganda mgongoni, shingo ikababuka. Saa sita ilifika. Lorna alikula mkate wake na hakumpa kipande. Saa nane Dewitt alivuta kwa nguvu, akadhani amepata, kikaja kisu cha mtu kilicholiwa na kutu kimezongwa na majani. Lorna aligeuza uso upande wa pili, mabega yakimtikisika, na Dewitt hakujua kama ni kicheko au kilio.

"Lorna, sijui," akasema hatimaye. "Sijui kuvua. Sijawahi kujua. Maji haya hayaniambii lolote."

"Najua. Nimekuwa nikikutazama tangu asubuhi." Alivua miwani. Macho yalikuwa mekundu. "Mwenzio nilimpenda mtu aliyetupa mara moja akapata. Nimemlilia mwezi mzima kama aliyekufa, kisha nikakumbuka hakuwahi kuwapo. Nikataka nimwone aliyekuwapo."

"Ndiye huyu."

"Nimemwona. Mvuvi mbovu, mwizi, mwoga. Anaosha boti vizuri." Akaikunja miwani. "Anko Purvis nimempigia magoti. Kakiondoa kibao. Wewe hataki kukusikia."

"Ana haki."

"Na mimi sijakusamehe, Dewitt."

"Najua."

"Usiseme najua, unaniudhi. Sijui hata kama nitaweza."

Boti ilijizungusha polepole juu ya magugu. Kisha Lorna akainuka, akaja mbele, akasimama nyuma yake, akaushika mkono wake wenye malengelenge akaushusha.

"Kiwiko kiwe ubavuni. Bega lipumzike," akasema. "Haya. Tupa tena."