Nililivua Jina la Mume Wangu, Nikavuliwa Mwanangu

Nina umri wa miaka arobaini na mbili. Ni muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, na ninaishi Champlin, hapa Minnesota, katika nyumba ya vyumba vitatu ambayo sasa ninakaa peke yangu. Kwetu ni Murang'a. Naandika haya nikiwa bado na hasira, sitawaficha. Kama unatafuta mtu aliyesamehe na kusahau, fungua ukurasa mwingine!

Nilipofunga ndoa na Samuel nilichukua jina la baba yake, Kinuthia. Sikulazimishwa na mtu. Likawa jina langu kwenye leseni ya kazi, kwenye benki, kwenye kila kitu, na nikiulizwa jina kwa simu nililitamka kwa madaha kama bibi harusi wa jana.

Mungu akatujalia mtoto mmoja wa kiume. Sisi Wakikuyu tuna desturi yetu: mvulana wa kwanza humrithi jina babu yake mzaa baba. Basi mwanangu naye akawa Kinuthia. Shuleni anaitwa Kevin, lakini nyumbani hakuna aliyemwita hivyo. Tangu akiwa mchanga mimi nilimwita Kinuthia, na kanisani kila mtu akaniita Mama Kinuthia. Mama mkwe akipiga simu kutoka nyumbani alimwita mjukuu wake "mume wangu", na kijana alicheka sana, kisha akamjibu kwa Kiingereza kama watoto wote wa huku.

Samuel alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Kila mwaka alikwenda Kenya kumwona mzee wake aliyekuwa akiugua. Nani angemzuia mtu kumwona baba yake? Mimi nilibaki nikifanya zamu mbili mbili, nikiwageuza wazee wa watu kitandani, mgongo ukiniuma, huku nikimshukuru Mungu kwa kunipa mwanamume anayewajali wazazi. Mjinga mimi!

Kisha mzee akafariki. Nilitaka tusafiri sote, lakini Samuel aliniambia nibaki na mtoto kwa sababu shule hazijafungwa. Aliniahidi atasimama kwa niaba yangu kaburini. Nikakubali, nikampakia koti jeusi na viatu, nikampeleka uwanja wa ndege mwenyewe.

Siku ya mazishi akina mama wa kanisa walikuja nyumbani kwangu kunifariji, kama ilivyo kawaida yetu. Kulikuwa kunapambazuka huku, na kule ilikuwa mchana. Walileta chapati, chai na mandazi. Tuliunganisha simu na televisheni tukatazama mazishi moja kwa moja. Nilikuwa nimevaa nguo nyeusi na kitambaa kichwani, nikilia kama mkwe anayejua wajibu wake.

Ikafika zamu ya kuweka mashada. Mfawidhi akaanza kuwaita watoto wa marehemu, mmoja mmoja na mwenzi wake. Akasema, "Sasa ni Samuel, wetu wa kutoka Amerika, pamoja na mkewe."

Nikanyanyua shingo... Samuel alisimama na lile koti nililompakia. Kando yake alisimama mwanamke mrefu mwenye kitambaa cheusi kama changu, amemshika mkono msichana mdogo. Wakaweka shada pamoja. Mama mkwe akamkumbatia yule mwanamke mbele ya kamera, na umati ukaimba.

Sebuleni kwangu hakuna aliyetafuna. Mama Njeri, rafiki yangu wa miaka mingi, alinyoosha mkono akazima televisheni. Je, kuna aibu kama hiyo? Kujulishwa kwamba una mke mwenza mbele ya wageni, huku mikononi umeshika kikombe cha chai yao ya rambirambi!

Nilimpigia Samuel mpaka akashika. Hakuomba hata msamaha. Aliniambia alimtolea yule mwanamke mahari zamani, kwamba wazee ndio walitaka nyumba ya kule isikae bila mama. Kisha akasema maneno ambayo sitayasahau hadi naingia kaburini: "Wewe ni bibi wa huko, yeye ni wa hapa. Shida iko wapi?"

Shida iko wapi... Niliona giza.

Tukaachana. Wakili wangu aliniuliza kama nataka jina langu la usichana lirudishwe kwenye hukumu ile ile ya talaka. Nikakataa. Nilijiambia ni kwa sababu ya leseni, lakini ukweli ni kwamba sikutaka yule mwanamke abaki nalo peke yake. Nililihangaikia jina hilo kwa jasho langu. Kwa nini nimwachie?

Lakini moyo haukutulia. Nikaanza kulichukia. Kazini mtu akiniita Bi. Kinuthia, nilihisi kama nimetukanwa. Ndipo nikasikia kwamba Samuel amefunga ndoa halali na yule mwanamke na ameanza utaratibu wa kumleta Minnesota. Yaani tungekuwa na akina Bi. Kinuthia wawili katika mji mmoja, tukikutana kwenye maduka ya Bloomington na kwenye harusi za watu! Nikasema hapana. Alichukue jina lake lote, na mimi nirudi kuwa Grace Wairimu Muturi, binti ya baba yangu.

Hapo ningekoma, leo nisingekuwa na mkasa wa kuwasimulia. Ila kulitoa kwangu hakungemuuma Samuel. Angeinua mabega tu. Nilimfahamu yule mtu, nilijua pa kumchoma. Mwanawe wa kwanza, yule anayebeba jina la marehemu baba yake, akiacha kuitwa Kinuthia, kwa Samuel na ukoo wake ingekuwa kama kumzika mzee mara ya pili. Na mara hii ningemzika mimi!

Nikapeleka ombi mahakamani la majina mawili: langu na la mwanangu.

Huku kubadilisha jina kuna utaratibu wake. Unaomba katika mahakama ya kaunti, unakuja na mashahidi wawili wanaokujua, na hakimu anakuuliza kama unawakimbia polisi au wanaokudai. Ikiwa ni la mtoto, baba yake lazima apewe taarifa. Nilipoambiwa hivyo nilifurahi kabisa. Nilitaka awepo. Nilitaka nimwone uso.

Mama Njeri alikuwa shahidi wangu mmoja. Alinishika mkono tukiwa jikoni kwangu, akaniambia, "Mama Kinuthia, lako badilisha, hata mimi ningebadilisha. Lakini la kijana achana nalo. Hilo si la Samuel, ni la guka, babu yake."

Nilimwambia asiniite tena Mama Kinuthia. Nilimwambia kwamba mtu akiniita hivyo kuanzia leo sitaitika. Alimaliza chai yake, akaosha kikombe.

Na mwanangu, je? Alikuwa na miaka kumi na mitano. Nilimwambia tu kwamba kuna makaratasi ya kurekebisha, avae shati safi. Kwenye gari, tukishuka kuelekea Minneapolis, ndipo nilipomweleza kwamba atakuwa Kevin Muturi. Hakubisha. Alivuta kofia ya sweta alilovaa juu ya shati, akageukia dirishani. Mimi nikachukulia kwamba amekubali!

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. Alinihoji mambo ya kawaida, Mama Njeri na shahidi mwenzake wakanitambua. Kisha akauliza sababu yangu. Ndugu wasomaji, ningeweza kusema neno moja tu, talaka, ikatosha. Lakini Samuel alikuwa ameketi pale nyuma, amevaa koti lile lile, na mimi nilikuwa nimeiandaa hotuba yangu tangu siku ya lile shada.

Nikageuka nikamtazama yeye, si hakimu. Nikasema jina Kinuthia linanitia kichefuchefu. Nikasema ni jina la waongo na wezi wa maisha ya watu, kwamba sitaki kulisikia likitamkwa ndani ya nyumba yangu, kwamba anayelibeba anabeba uchafu. Nilisema kwa sauti, kwa Kiingereza safi, kila mtu asikie. Samuel aliinamisha kichwa. Oo, nilivyofurahi! Nilihisi mwili mzima umekuwa mwepesi. Nilimkomoa!

Hakimu aliandika kitu kwenye faili. Akalikubali ombi langu. Kisha akamgeukia mwanangu, akamwuliza kwa upole yeye mwenyewe anataka nini.

Kijana alisimama. Hakumtazama baba yake wala hakimu, alinitazama mimi. Alijibu kwa Kiingereza, nami nawaandikia kwa lugha yetu kama nilivyomsikia.

"Mum, hilo jina ni mimi. Wewe ndiye umekuwa ukiniita hivyo."

Basi. Akakaa chini.

Ombi la jina lake likakataliwa. Nilitoka pale nikiwa Muturi na mwanangu akiwa Kinuthia. Je, nilijirudi? Nilimkasirikia! Nilimwona msaliti kama baba yake. Jumamosi iliyofuata nikafanya karamu, nikapika pilau, nikaagiza keki iliyoandikwa jina langu jipya. Nikapiga picha na keki hiyo na kuituma kwenye kundi la simu la ukoo wa Samuel kabla ya kujitoa. Akina mama walikula wakapiga vigelegele, ingawa Mama Njeri hakuja. Kijana alichukua sahani yake akaenda kula chumbani.

Nyumbani nikaanza kumwita Kevin. Nilikuwa nimeapa mbele ya hakimu, na mimi nikiapa nimeapa. Nikimwita Kevin hakuitika, au aliitika kwa sauti ya mtu anayejibu mwalimu. Chakula kiko tayari, Kevin. Kevin, umefua? Tukawa kama wapangaji wawili.

Baba yake alikuwa na haki ya kukaa naye wikendi, katika nyumba aliyopanga Roseville. Wikendi moja hakurudi. Nilipiga simu, Samuel akaniambia kwa utulivu kwamba kijana ameomba kubaki. Nilitukana mpaka sauti ikanikauka. Nikaenda kwa wakili, wakili akaniambia mtoto wa umri ule mahakama itamsikiliza, na tayari ilikwisha kumsikiliza mara moja. Mkuki kwa nguruwe, jamani... kwangu uliniuma.

Muda ukapita, yule mwanamke akafika na binti yake. Sasa mwanangu alikuwa akila ugali wa mikono yake. Nilikuwa nikimwona kijana Jumapili tu, kanisani, ananipa mkono kama mgeni. Nikajifariji kwamba ni ujana, atarudi.

Halafu siku moja alasiri nikapigiwa simu kazini. Kijana alikuwa ameanguka kwenye mazoezi ya mpira, mfupa wa bega umevunjika, amepelekwa hospitali. Aliyenipigia hakuwa Samuel, maana yeye alikuwa safarini na lori lake. Ni kocha aliyenipigia. Niliacha kazi nikaendesha gari kama kichaa, nikaingia sehemu ya kusubiri na sare yangu ya kazi. Na yule mwanamke alikuwa ameketi pale, na sweta la mwanangu mapajani mwake.

Sikumsalimia. Nilikaa upande wa pili, nikamkazia macho. Moyoni nilimwambia kila neno baya nilijualo.

Mlango ukafunguka, muuguzi akatoka akaita, "Bi. Kinuthia?"

Nikasimama. Miguu yangu ilisimama yenyewe, baada ya miaka yote ile ya kuitwa hivyo. Yule mwanamke naye akasimama. Muuguzi akatutazama, mmoja baada ya mwingine, kisha akatazama kitambulisho kilichoning'inia kifuani mwangu. Kilisema Muturi. Akamgeukia yeye, akamwambia apite, kijana yuko tayari.

Nilikuwa nimelipa wakili, nimeleta mashahidi, nimekata keki, ili nisimame pale na jina lisilo la mwanangu!

Yule mwanamke hakupita. Alikuja akaniwekea lile sweta mikononi, akamwambia muuguzi kwa Kiingereza chake cha kusitasita, "Mama yake ni huyu." Kisha kwangu akasema kwa Kiswahili, kwa adabu, "Ingia, Mama Kinuthia. Mimi nitangoja."

Laiti angenitukana! Tusi ningejua la kulifanya. Ila kupewa mtoto niliyemzaa, na mkono ule ule ulioshika shada... Ilinibidi niseme asante. Nilisema.

Nikaingia. Kijana alikuwa amejilaza, mkono umefungwa kifuani, macho mekundu. Niligusa mguu wake juu ya blanketi nikamwita, "Kevin, mum amekuja."

Akageuza uso ukutani. "Kevin ni wa shule," alisema.

Nilijaribu, wasomaji wangu. Nilijua neno analolingoja. Nililisema mara elfu nikimbadilisha nepi, nikimwamsha, nikimfokea. Sasa nilipolitafuta, nilikuta nimelipaka matope kiasi kwamba mwenyewe nashindwa kulishika. Nikakaa kwenye kiti mpaka alipolala.

Samuel sijamsamehe na msinishauri nimsamehe. Barua za pole na mistari ya Biblia wekeni. Siku akianguka nitacheka. Na kwa wewe dada unayelichukia jina la mume aliyekuhadaa, sikukatazi: livue, litupe, rudia la baba yako utembee kichwa juu. Ni haki yako na mahakama itakupa.

Lakini usiwake hasira mpaka ukasahau nani mwingine yumo ndani ya jina hilo. Usimtumie mtoto kama jiwe la kumpiga baba yake. Jiwe likirushwa halirudi mkononi, na mwanangu yuko Roseville, bega limepona, na kila Jumapili ananipa mkono nami nabaki nimeushika, bila kujua nimwiteje.