Reli ya Tramu Haina Kosa

Jumapili asubuhi uwanja wa Kouter mjini Ghent ulifurika watu. Bendi ilipuliza tarumbeta, wazee walikula chaza kwa mvinyo mweupe, na ndoo za maua zilipangwa hadi ukingoni mwa barabara. Goedele Baert alipita kando ya uwanja juu ya baiskeli, koti la kijani, buti nyekundu. Alikuwa fundi wa kuezeka, mwanamke pekee katika kikosi chake, aliyezoea kutembea juu ya mapaa ya mji kama paka.

Gari jeupe likaja nyuma yake kwa kasi, likampiga ubavuni, likamrusha kwenye reli za tramu. Dereva hakusimama.

Wa kwanza kumfikia alikuwa muuza maua mmoja mrefu, sweta imemtoboka kiwikoni.

"Usiinuke, dada. Unaitwa nani?"

"Kwani wewe polisi? Lifukuze lile gari!"

"Kwa miguu hii?"

"Basi shika hata namba!"

"Limeshakata kona. Niambie jina lako, usije ukazimia."

"Goedele. Na ukinivua hiyo buti nitakung'ata."

"Mimi Joris Claeys. Ng'ata tu, mradi uwe macho."

Polisi walimhoji Joris palepale, lakini gari halikupatikana. Goti la Goedele lilikuwa limesagika. Madaktari waliliunga kwa vyuma, wakamwambia mapaa ayasahau. Alilia siku nzima, kisha akakasirika, na hasira ikamkaa vizuri zaidi.

Joris akawa anakuja hospitali na maua yaliyododa. Asipokuja, simu ililia.

"Leo umeniwekea nini, muuza mabaki?"

"Mawaridi. Mabibi wa Kouter wameyakataa."

"Kama walivyokukataa wewe."

"Kama mimi, mpenzi."

Goedele akaibana simu sikioni.

"Umesemaje?"

"Umesikia."

"Rudia, mtandao mbaya."

"Mpenzi, Goedele. Mpenzi, mpenzi, mpenzi. Mtandao umepona?"

Dereva asipojulikana, uko mfuko maalumu wa kumfidia aliyegongwa. Goedele alipeleka madai yake huko. Jibu lilimchoma kuliko vyuma vya gotini: hakuna gari lililomgusa; gurudumu lake lilinasa kwenye reli ya tramu, akaanguka mwenyewe.

"Achana nao, mwanangu," mama yake alimsihi. "Umeshaumia vya kutosha."

"Gari liliniacha barabarani, mama. Sasa hawa nao wananiita mwongo. Nitawafuata mpaka mahakamani."

Aliyeliona gari alikuwa mmoja tu, Joris. Na ghafla Joris akaanza kupotea. Simu zake zikawa fupi, kisha hazikuwepo kabisa. Jumapili moja Goedele alijikongoja kwa fimbo mpaka kwenye maua yake. Joris aliinamisha macho.

"Goedele, tafadhali, rudi nyumbani. Watu wanatuona."

"Na watuone, kuna nini? Unaona haya kusimama na kiwete?"

"Siyo hivyo..."

"Sema ilivyo basi!"

Joris akaanza kupanga ndoo zake upya. Goedele aligeuka, kichwa juu, akaondoka bila kufuta machozi.

Ukweli aliupata asubuhi ya kesi, kwenye ukumbi wa mahakama, kutoka kwa wakili wake mwenyewe, Bi Verhaeghe.

"Mimi ndiye niliyemwambia akae mbali, asikwambie. Shahidi akiwa mpenzi wako, watamtia doa. Leo ninyi hamjuani."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ungekubali?"

"Katu!"

Joris alipanda kizimbani katika suti ya kuazima, fupi kwake, mikono ikichomoza nje. Alieleza alichokiona. Wakili wa mfuko akatabasamu.

"Bwana Claeys, huyu bibi ni nani wako?"

Joris akamtazama Bi Verhaeghe, kisha akatazama sakafu. Goedele akasimama.

"Ni mpenzi wangu!"

"Bi Baert, keti," hakimu alisema.

"Mheshimiwa, goti hili halikunjiki upesi, wacha nimalize. Nampenda, na sitamficha ili niaminiwe. Alinipenda baada ya gari. Gari halikunigonga baada ya mapenzi!"

Watu wakacheka. Joris akainua kichwa.

"Ni kweli, mheshimiwa, nampenda. Siku ile hata jina lake nililiuliza akiwa chini. Polisi walinihoji pale pale nikasema gari jeupe lilimpiga. Leo nasema lile lile."

Hakimu alifungua maelezo ya polisi, akayasoma taratibu. Wakili wa mfuko akafunga faili lake.

Nje, kwenye ngazi, Joris alimshika mkono.

"Nisamehe. Nilidhani nakusaidia."

"Ulinisaidia kukonda."

"Hukumu ikitoka, kuna jambo nataka kukuuliza."

"Uliza sasa. Wasije wakasema nilikubali kwa furaha ya fidia."

"Utaolewa nami?"

"Ukininyamazia tena, Joris, nitakugonga mimi. Na mimi sikimbii."

"Hiyo ndiyo 'ndiyo'?"

"Ndiyo, mjinga wangu."

Majuma kadhaa baadaye Bi Verhaeghe alipiga simu. Goedele alikuwa kwa mshonaji, pini zimemjaa kiunoni, gauni likifupishwa makusudi lisije likajisokota kwenye fimbo.

"Wameamriwa walipe! Hakimu amesema gari lilikuwepo!"

"Nilijua lilikuwepo," alisema Goedele. "Ndilo lililonirusha. Njoo harusini, wakili, na safari hii useme tunajuana."

Yule dereva hajapatikana hadi leo.