Mnunuzi wa Kwanza wa Yovana

Rómulo Poma hakuwa na nia ya kununua blauzi. Alikuwa anakatiza soko la nguo la Gamarra, jijini Lima, asubuhi, mfuko wa vifungo na zipu za biashara yake begani, akaona blauzi nyekundu imetundikwa, akauliza bei kwa mazoea tu huku anatembea. Mkono ukamdaka shati.

"Umeuliza bei, casero, na hakuna aliyekutangulia leo. Ukiondoka hivi hivi umenifungia siku nzima."

Mwenye mkono aliitwa Yovana, na casero, yaani mteja wangu, ndivyo alivyomwita kila mpita njia. Alivaa jinzi iliyomkaa sawasawa na sweta ya manjano, na nywele zilizolowa manyunyu ya Lima zilimganda shingoni. Rómulo akasahau vifungo vyake. Sokoni pale kila mtu anajua kwamba mnunuzi wa kwanza ndiye anayefungua siku. Akauliza bei akaenda zake, wengine nao watapita tu. Basi akalipa. Yovana akaifanyia ile noti ishara ya msalaba, akaibusu, akatabasamu.

"Blauzi ya nani?"

"Mwenyewe bado namtafuta."

"Mmh. Usitafute mbali ukachoka."

Blauzi yenyewe Rómulo alimtumia mama yake Huancayo, milimani. Siku hiyo Yovana aliuza mpaka vining'inizio vikabaki vitupu. Keshoye Rómulo akaja mapema akanunua soksi, kesho kutwa kitambaa cha kichwa, na ikawa ndiyo desturi yao. "Mkono wako una baraka, mpenzi," Yovana alimwambia kila asubuhi, na nyongeza ilikuwa busu nyuma ya pazia la kujaribia nguo.

Kisha wateja wakahamia kwenye simu. Siwalaumu, nani atabanana sokoni wakati nguo zinamfuata nyumbani? Yovana akaachia kibanda, akakodi chumba ghorofa ya saba, akaweka taa ya mduara na simu juu ya kigoda. Akawa anajaribu nguo moja baada ya nyingine huku mamia ya watu wanamtazama papo hapo kutoka kila pembe ya Peru. Aliyependa kitu aliandika "changu", akalipa kwa simu, na mzigo ukapandishwa basi.

"Ingia huko huko, laazizi, uwe wa kwanza kama zamani," Yovana alimbembeleza.

"Sinunui kwa mwanamke anayetazamwa na wanaume wa nchi nzima."

"Wanaume gani? Nauza sketi, Rómulo."

"Ndiyo maana nauliza wanatafuta nini humo."

Akampigia mama yake kulalamika, akajiona ana haki. Hataingia tena duka lile, alimwambia, na siku za Yovana azifungue atakaye.

Lakini kutazama alitazama. Wivu ndivyo ulivyo, hukuvuta sikio mpaka penye kuumiza. Kila asubuhi aliinamia simu kibandani kwake, kati ya makopo ya vifungo, na kila asubuhi mnunuzi wa kwanza alikuwa yule yule, asiye na jina wala sura, picha ya ua jekundu tu. Yovana akiliona ua, uso ulimchanua.

"Karibu, mpenzi wangu wa asubuhi. Mkono wako bado una baraka. Jana nilikuota, unajua?"

Rómulo alimwaga kopo zima la vifungo.

"Kunywa, inapoa," alisema Tarcila, muuza emoliente wa mlangoni, akimsogezea kinywaji chake cha majani. "Tangu lini vifungo vikauzwa kwa kununa?"

Rómulo alikiacha kikombe pale pale. Akampigia Yovana.

"Huyo unayemuota ni nani?"

Yovana akacheka, kicheko cha chini, cha mapenzi. "Acha utani wako. Unataka nimtaje mbele ya watu?"

"Nakuuliza kwa heshima."

"Na mimi nakujibu kwa heshima, kipenzi: unamjua kuliko mimi."

Akakata simu. Aliona anachezewa, na maneno hayo alilala nayo yakimkereketa kama mwiba wa samaki.

Asubuhi ua lilipotokea tena, Rómulo alipanda ngazi zote za ghorofa saba, akasukuma mlango, akasimama mbele ya taa na kofia kichwani. Yovana alikuwa amevaa sketi ya samawati, nusu ya zipu bado wazi.

"Mwambie bwana wako wa maua ajitokeze," alisema Rómulo akihema. "Watu wote hawa wamjue."

Yovana alimtazama. Rangi ikamtoka usoni.

"Kwani si wewe?"

"Mimi?"

"Kila mzigo unakwenda Huancayo kwa Mama Eusebia, mjane wa Poma. Nani mwingine anamnunulia mama yako nguo?" Akaionyesha simu kwa kidole. "Nilidhani umeona haya kujitaja. Nimekuwa nakwambia nakupenda kila siku, Rómulo, mbele ya umati wote huu, kumbe hukuwepo."

Hapo ujumbe ukapanda kwenye simu, chini ya picha ya ua. Yovana akausoma kwa sauti, maana Rómulo alishindwa kuinua macho.

"Mwanangu, vua kofia. Blauzi uliyonitumia ilikuwa na jina la duka, ndivyo nilivyompata huyu binti. Uliposusa nikaona nikushikie nafasi, asije akaikalia mtu mwingine. Nguo naziuza gulio la Jumapili, usidhani nimepotewa na akili. Muombe radhi."

Rómulo akavua kofia.

"Nisamehe. Nilikuwa na wivu na mama yangu."

"Si mama yako. Ulikuwa na wivu na kazi yangu," alisema Yovana, akafunga zipu yake. "Nenda. Leo imeshafunguliwa."

Watazamaji walioandika kumtetea Rómulo walikuwa wengi. Yovana hakuwajibu hata mmoja.

Keshoye, taa haijawashwa, alimkuta Rómulo ameketi ngazi ya juu kabisa, shati limepigwa pasi, kofia magotini.

"Bei gani?" akauliza.

"Ya kitu gani? Sijatundika hata nguo."

"Namuulizia yule mwenye blauzi niliyekwambia namtafuta. Awe mke wangu, na dukani kwake niwe naingia kwa heshima."

Yovana alitia funguo mfukoni. Kisha akamshika shati, pale pale alipomshika siku ya kwanza.

"Umeuliza, casero, na hakuna aliyekutangulia. Huondoki hivi hivi."

Walichelewa kuwasha taa. Walipoiwasha, ua jekundu lilikuwa limeshaandika mara tatu kuuliza nani amechukua nafasi yake.