Kanda Iliyofutwa

Jumatatu, saa mbili asubuhi, fundi mitambo wa redio aliweka kanda kuukuu kwenye mashine ili aihamishie kwenye kompyuta. Akavaa visikizio, akangoja wimbo mpaka kanda ikaisha. Haikuwa na kitu. Mtu alikuwa ameifuta.

Ndiyo kanda pekee iliyokuwa na sauti ya mwimbaji mmoja aliyefariki akijifungua. Mtoto aliyezaliwa siku hiyo sasa ndiye mkutubi wa maktaba ya kanda ya redio hiyo, na hakuwahi kumsikia mama yake.

Mkurugenzi hakutaka maneno mengi. Funguo anazo fundi, basi mkosaji ni fundi. Jioni angekwenda rumande.

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," alisema mpelelezi aliyeitwa kutoka polisi. Wenzake walimbandika jina la Bi Taratibu, kwa kuwa hata nyumba ikiungua angeuliza kwanza nani aliwasha jiko. Akamgeukia fundi. "Ulipoitoa rafuni, ilikuwaje?"

"Imerudishwa mwanzo, Bi mkubwa. Nikashangaa. Sisi hapa kanda ikishapigwa haturudishi, tunaihifadhi hivyo hivyo isije ikalegea. Anayerudisha ni aliyezoea kanda za nyumbani."

Mkutubi alikuwa amekaa kwenye kona, macho makavu. "Nimekufa ganzi, dada," alisema. "Kanda kuukuu kila ukiipiga inachakaa. Nikasema nitamsikia mama ikishaingia kwenye kompyuta."

"Nani mwingine aliingia humu?"

"Ijumaa baba alikuja kusikiliza. Nilimwekea kanda nikaenda kikaoni. Lakini yule ni mumewe! Alimpigia gitaa kwenye bendi."

Saa tisa mzee akaletwa. Bi Taratibu alimpigia kanda nyingine, asimwambie kitu. Wimbo ulipokwisha, mzee alinyoosha mkono, akabonyeza, akairudisha mwanzo.

"Mbona unairudisha, mzee wangu?"

"Adabu tu. Atakayekuja aikute tayari."

Fundi akashusha pumzi.

"Na ya Ijumaa?"

Mzee aliutazama mkono wake. "Nayo niliirudisha."

"Na kitufe chekundu cha kurekodi?"

"Nakijua tangu enzi za bendi. Nilikibonyeza mimi, nikarekodi kimya mpaka mwisho." Hakupandisha sauti wala kuishusha. "Miaka arobaini nimemlilia yule mwanamke. Nikasikiliza, nikangoja machozi. Sikuhisi kitu. Kama anaimba mke wa jirani. Niliona aibu, nikasema basi, asisikike tena na mtu."

Mkurugenzi alimwomba fundi radhi chini chini. Mkutubi hakulia wala hakugomba. Alivuta kiti, akakaa mbele ya baba yake goti kwa goti.

"Niimbie basi, baba. Alikuwa anaimbaje?"

Mzee akafungua kinywa. Wote walingoja, hata Bi Taratibu aliyekwisha kuning'iniza mkoba begani.

"Sikumbuki, mwanangu," alisema. "Nimetoka kumsikia Ijumaa tu, na sikumbuki."