Nifunge kama Mzigo

Gurudumu la mbele la kushoto lilipokosa daraja, Clementina ndiye aliyejua kwanza, kwa sababu alikaa upande huo, na dirisha lake lilijaa ghafla maji ya rangi ya chai ya maziwa.

"Rudi nyuma!"

"Minarudi, Mama! Gari inakatala!"

Aloys alikanyaga, akabadili gia, akakanyaga tena. Injini ikanguruma, ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Mto Mkomazi, ambao siku nyingine hupita chini ya daraja lile bila kelele, ukalisukuma lori ubavu mpaka likagonga nguzo ya zege na kuegama hapo, limeinama, maji yakiingia mlangoni.

Kosa lilikuwa la Clementina, na hakuwa mtu wa kutafuta wa kumtupia. Pale darajani pana kigingi chenye mistari myeupe ya kupimia maji. Kwenye bohari ya Clairwood, huku ugenini kusini mwa bara, walikoondoka saa tatu asubuhi na magunia ya mbolea ya shamba la miwa, madereva wana kanuni yao: maji yakiwa mstari wa pili, lori lenye mzigo linapita; yakifika wa tatu, subiri. Aloys alikuwa amesimama, akaitazama mvua, akasema, "Mama, mi nangoja." Clementina akachungulia kigingi, akaona mstari wa pili, akamwambia, "Pita." Kanuni ile ni ya maji yaliyotulia. Si ya mto unaopanda huku unautazama.

"Juu ya mzigo," alisema sasa. "Sasa hivi."

Walitoka kupitia dirisha la dereva, mmoja akimvuta mwenzake. Aloys alikanyaga kioo cha pembeni, kikavunjika na kumchana muundi. Walipolala kifudifudi juu ya turubai, Clementina aligeuka akaona mkoba wake ukielea kuelekea baharini. Ndani ulikuwa na simu, insulini, vidonge vya kuipandisha sukari ikishuka na chakula cha mchana. Simu ya Aloys ilikuwa imezama pamoja na koti lake.

Alimfunga mguu kwa kitambaa chake cha kichwa, akakaza mpaka Aloys akapiga yowe.

"Unalia nini? Damu imeacha kutoka."

"Mama, mkono yako iko kama chuma."

"Nimepakia malori miaka kumi na moja. Ulitaka iwe kama pamba?"

Kifuani, ndani ya mfuko wa nailoni, alikuwa na kitu kimoja ambacho mto haukukipata: mashine yake ya kupima sukari, na vijiti vyake sita. Alifuta kidole kwapani, akakichoma, akasoma. Sita nukta nne. Vizuri.

Aloys aliijua mashine ile. Bohari nzima ilijua kwamba Mama Clementina ana kisukari na hujichoma insulini kabla ya kula bila kumwonea mtu haya. Lile jingine hakuna aliyelijua ila binti yake, Doris. Tangu Februari alikuwa amezimika mara nne. Hakuna kizunguzungu, hakuna jasho, hakuna onyo; anakuwepo, kisha yuko sakafuni. Mara mbili sukari ilikuwa sawasawa kabisa. Hospitali walimpima moyo, wakampiga picha ya kichwa, wakasema hawajaona sababu, arudi Agosti. Yeye mwenyewe aliomba atolewe kwenye mashine ya kunyanyulia mizigo, awe mkaguzi, akasingizia mgongo. Hakutaka wanaume arobaini wamwangalie kama yai.

Sasa alikuwa juu ya turubai linaloteleza, na chini yake mto uliokuwa ukibeba miti mizima.

"Aloys, sikiliza, sitarudia. Mimi huzimika. Si sukari, au si sukari peke yake. Hawajajua ni nini. Naweza kuzimika hapa hapa nikiwa naongea na wewe."

Aloys alimkodolea macho. "Na leo njo unasema?"

"Leo ndiyo ina maana. Chukua mkanda. Nifunge kama mzigo."

Mizigo ya Clairwood hufungwa kwa mikanda mipana ya nailoni, kila mmoja una urefu wa mita tisa na chuma cha kukazia. Clementina ndiye aliyewafundisha vijana wa bohari kuikaza. Lakini Aloys, mtu wa Lubumbashi aliyelelewa kumsalimu mama mtu mzima kwa mikono miwili, alishika mkanda ule kama ameshika nyoka.

"Mama, mi nakufunga wewe kamba? Watu watasema nini?"

"Watu gani? Hao samaki? Pitisha chini ya makwapa. Usifunge kiuno, nitakunjika. Kaza. Kaza bwana, mimi si keki ya harusi!"

Alikaza. Clementina naye akamfunga Aloys, mikanda yote miwili imenaswa kwenye kulabu za lori. Kisha wakakaa, mvua ikiwapiga migongoni, wakiutazama mlima wa miwa ng'ambo ya pili.

"Kama tungepakia sukari," alisema Aloys, "leo ungekuwa tajiri."

"Nyamaza na mbolea yako," Clementina alimjibu. Akanyoosha mkono kuvuta turubai liwakinge upepo.

Halafu hapakuwa na kitu.

Aliporudi alikuwa ananing'inia ubavuni mwa lori, buti zake zikikatwa na maji, mkanda umemuuma makwapani. Juu yake Aloys alikuwa amelala kifudifudi, amemkamata kola kwa mikono miwili, anamwita Mungu kwa Kifaransa na kwa Kiswahili.

"Niko," alisema Clementina. "Vuta."

Alimvuta. Alipofika juu, wote wawili walikuwa wanahema kama waliokimbizwa. Alipima tena. Tano nukta nane. Sukari haikuhusika. Alikuwa ametumbukia bila sababu, na kilichomzuia ni mita moja ya nailoni na mtu aliyeshika kola.

"Umeogopa?" alimuuliza.

"Eish, Mama. Mi nilikuwa karibu kuzimika na mimi."

Saa saba ikapita. Insulini ya asubuhi haikujali mafuriko. Iliendelea na kazi yake, na chakula cha mchana kilikuwa kimeshafika baharini. Clementina alianza kuhisi midomo inakufa ganzi. Baridi haifanyi hivyo.

"Kitu cha mwisho cha kukujulisha," alisema polepole. "Sukari ikishuka, mimi huwa na adabu. Ukinisikia naomba samahani, jua naondoka."

Aloys alicheka. Dakika kumi baadaye Clementina alimgeukia na macho laini na kusema, "Samahani, Aloys, naomba tafadhali unisogezee mto wa kulalia, kama sikusumbui."

Kicheko kilimwisha Aloys. Alichukua mashine, akamchoma kidole mwenyewe kama alivyomwona akifanya. Tatu kamili.

Akaangaza macho huku na huku. Magunia ya mbolea. Maji ya tope. Kisha akaona vile vitu vilivyokuwa vikiwapita tangu asubuhi, na ambavyo hakuna aliyeviangalia: mto ulikuwa umemega shamba huko juu, na miwa ilikuwa ikishuka kwa mafungu, mizizi na yote. Alijivuta mpaka mwisho wa mkanda wake, akatupa mkanda mwingine wenye ndoano. Akakosa. Akatupa. Akakosa. Mara ya tatu ndoano ikanasa fungu zima, akalivuta, akaubandua muwa mmoja ganda kwa meno yake, akakata kipande.

"Mama! Tafuna! Unanisikia? Uko macho?"

"Asante sana, baba."

"Usinishukuru! Tafuna!"

Alitafuna. Maji ya muwa yalimtiririka kidevuni. Alitafuna kipande cha pili, cha tatu, na robo saa baadaye alitema makapi mtoni na kusema, "Mbona unanipa ya juu? Huku juu hakuna utamu. Nipe ya chini, penye mizizi."

Aloys akainua mikono mbinguni. "Amerudi!"

Lakini lori nalo lilikuwa limeanza kuondoka. Kila gogo lililoligonga lililisogeza inchi moja, na upande wa nyuma nguzo ya zege ilikuwa ikilia. Clementina alisikiliza, akauangalia mti mkubwa uliokuwa ukingoni, mita ishirini na kidogo upande wa chini.

"Unajua kuogelea?"

"Lubumbashi iko ziwa gani, Mama?"

"Mimi nimekulia Bukoba. Naogelea." Majini, kuzimika ni kufa; hilo halikuhitaji daktari. Miaka yote alikuwa amejivunia kwamba hakuna anayembeba. Akaunga mikanda minne, wake ukiwemo, akajifunga mwisho mmoja, akamkabidhi Aloys wa pili. "Nikiacha kupiga mikono, usiite, usingoje. Vuta."

"Nitavuta mpaka mkono itoke."

Alipima: saba nukta moja. Akaruka.

Baridi ilimpiga kifuani kama mlango. Hakushindana na mto. Aliukata mshazari, uso juu, miguu mbele, kama walivyofundishana utotoni kuvuka mlango wa mto Kagera. Tawi lilimkwangua shavu. Akameza tope. Mgongoni alihisi mkanda ukiachiwa kwa kipimo, haulegei, haukazi, na akajua mtu aliye upande wa pili hajapepesa macho. Goti likagonga jiwe. Akashika mzizi.

Aliuzungusha mkanda kwenye shina mara tatu, akafunga chuma cha kukazia. Aloys, ameshaufungua mkanda wa lori na kujifunga mwisho wa pili, alikuwa bado amesimama juu ya turubai.

"Ruka! Mto wenyewe utakuleta huku!"

"Na wewe ukizimika?"

"Nimekufunga kwenye mti, si kwenye mkono wangu! Ruka!"

Aliruka akipiga kelele. Mto ulimzamisha, ukamtoa, ukamzungusha kwa upinde mpana hadi ukingoni, Clementina akivuta mkanda na kukaza, akivuta na kukaza. Alimkamata mkono, akamburuta matopeni. Walikuwa bado wamelala hapo lori lilipotoa mlio mrefu, likageuka na kwenda na mbolea yote.

Wanawake wa shamba la miwa walikuwa wamewaona kutoka mlimani na kupiga simu. Saa kumi na moja trekta lilishusha watu wa uokoaji wa kujitolea, na mbele yao kijana mwenye ndevu, Luqmaan, aliyebeba machela. Kabla hajafungua mdomo Clementina alimwambia kwa Kiingereza kilichonyooka: "Naitwa Clementina. Nina kisukari, na huwa nazimika, sababu haijulikani. Nikizimika, nilaze ubavu, usinitie kitu mdomoni, hesabu dakika. Machela mpe huyu, ameumia mguu."

"Sharp, Aunty," alisema Luqmaan, yaani sawa, akafanya alivyoambiwa.

Hospitali haikupata sababu safari hiyo pia. Ilimpa tarehe ya karibu zaidi na insulini mpya. Jumatatu iliyofuata, kwenye mkutano wa usalama wa asubuhi pale Clairwood, Clementina alisimama mbele ya wanaume arobaini, akawaeleza yote, mgongo wa uongo ukiwemo. Walimwangalia. Hawakumwangalia kama yai.

"Sasa mnajifunza kumlaza mtu aliyezimika," alisema. "Nani anajitolea?"

Aloys alisogea mbele na mguu wake wenye nyuzi kumi na mbili, akalala chali kwenye sakafu ya zege, akafumba macho.

"Mama," alisema, "mi nimeshazimika. Anzeni."