Ngazi Tunaazimisha, Hati Hapana

Nyumba yetu hainyimi mtu kitu. Jirani akitaka nyundo, anapewa. Akitaka viti vya wageni, anapewa. Mama mkwe wangu ndivyo alivyo. Ngazi yetu ilikuwa kwa jirani wa nyuma tangu mvua zilizopita, wala Mama hakuwahi kuiulizia.

Jirani huyo tulimwita Mkaguzi. Alikagua kila kitu: nani kaja, nani kanunua nini. Asubuhi moja nilikuwa kwenye cherehani, natia zipu sketi za shule. Mama alikuwa kando, anachambua vifungo. Mkaguzi akaingia, hata hodi hakumaliza.

"Ukuta wenu umeingia kwangu," alisema. "Nipeni hati ya kiwanja niikague. Ile halisi, siyo nakala. Nitairudisha kesho."

"Nani kakwambia umeingia?" nikauliza.

"Naona kwa macho yangu. Kama hamna la kuficha, leteni."

Mama akainuka, akaingia chumbani, akatoka na bahasha. Humo mlikuwa na hati aliyoachiwa na marehemu mumewe. Hatuna kwingine pa kuishi. Lo! Alikuwa anaitoa vilevile alivyoitoa ngazi. Niliruka mpaka kiti kikaanguka, nikaipokea bahasha mimi.

"Mwanangu, unaniaibisha mbele ya mgeni!"

"Nisamehe, Mama. Utanigombeza baadaye."

Mkaguzi akacheka. "Siku hizi nyumba hii inasemewa na mkamwana?"

"Leo, ndiyo. Na hati huipati."

Akaondoka akifoka kwamba jioni angerudi na watu. Mama akanipa mgongo, akarudi kwenye vifungo vyake. Iliniuma sana, lakini bahasha sikuiachia.

Mchana alikuja wifi yangu, ambaye kazi yake ni kupima ardhi. Mama akanishtaki kwake. Wifi akashika kichwa.

"Mama, ulitaka kumkabidhi nyumba mkononi! Akiipoteza je? Akiiombea mkopo je?"

"Lakini ni jirani. Nikimnyima atasema naficha kitu."

"Aseme mpaka achoke. Jirani hana haki ya kudai hati yako. Analalamika? Apeleke malalamiko yake ofisi ya ardhi. Kumbukumbu za viwanja ziko kule. Ofisi ikikuhitaji itakuita, na utaipeleka hati mwenyewe. Watatoa nakala ukiwa umesimama pale pale, urudi na hati yako."

"Na huo ukuta?"

"Mpaka hauamuliwi kwa macho ya mtu. Ofisi italeta mpimaji atafute mawe ya mpaka, nyote mkiwapo."

"Si wewe hapa? Pima!"

"Mimi mtoto wa nyumba hii, nani ataniamini? Aje mwingine."

Mama akanigeukia, akaniambia, "Basi mwanangu, nilikuonea."

Jioni Mkaguzi alirudi na wanaume wawili. Safari hii Mama mwenyewe alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Una barua ya ofisi?" akamuuliza.

"Majirani wanaandikiana barua?"

"Basi hati yangu huioni. Leo huioni, kesho huioni. Nenda ofisi ya ardhi ukalalamike. Wakiniita, nitafika kabla yako."

Mmoja wa wale wanaume akamgeukia Mkaguzi. "Kumbe hukutumwa na ofisi? Mbona ulituambia umetumwa?"

Mkaguzi akababaika. Wenzake wakamwacha amesimama peke yake.

Hakwenda kulalamika. Mama ndiye aliyekwenda kuomba mpimaji, maana alisema hawezi kuishi na maneno ya uwongo ukutani kwake. Mpimaji akaja, akafukua mawe ya mpaka mbele yetu sote. Ukuta wetu ulikuwa ndani ya kiwanja chetu, haujagusa kwa mtu. Akatuandikia hivyo. Sasa hati iko kwenye sanduku lenye kufuli, na nakala anayo wifi.

Siku ile ya kupimwa, mpimaji alipomaliza, Mkaguzi alianza kunyata kuelekea kwake. Mama akamwita kwa sauti ya kusikika mtaa mzima.

"Jirani! Hati ni yangu, na ninayo. Ngazi nayo ni yangu. Ilete."

Akaileta mwenyewe, begani.